Mawimbi ya taratibu ya ubongo katika usingizi mzito na nusu kaputi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na wagonjwa wanaosubiri upasuaji, wazazi, wanafunzi wa uuguzi na udaktari, madereva wa safari na waongoza wageni mlimani hapa Arusha na Moshi. Maswali yana namba. Pale jibu linapohitaji jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Mawimbi ya ubongo ni nini hasa?

Seli za neva huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Seli moja haiwezi kunaswa kutoka nje ya fuvu, lakini maelfu kwa maelfu zikipanda na kushuka pamoja, umeme wao hujumlika na kunaswa na elektrodi zilizobandikwa kichwani. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, alinasa umeme huo kwa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Kipimo hicho ndicho EEG. Usikichanganye na ECG, ambacho ni cha moyo.

Mawimbi hutajwa kwa kasi yake. Yanayojirudia mara 13 hadi 30 kwa sekunde ni beta, 8 hadi 13 ni alfa, 4 hadi 8 ni theta, na ya chini ya 4 ni delta. Tunaposema "mawimbi ya taratibu" tunamaanisha delta, na hasa yale ya mara moja kwa sekunde au pungufu ya hapo.

2. Kwa nini ubongo ukilala mawimbi yanakuwa makubwa badala ya kuzimika?

Kwa sababu ubongo hauzimiki, unabadilisha mpangilio. Fikiria usharika wakati wa maombi, kila mtu akiomba kwa maneno yake. Kelele ni nyingi, lakini aliye nje ya kanisa hasikii hata neno moja likijitokeza. Kisha wote wanasema "Amina" kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, wanasema tena. Sauti inayofika nje sasa ni kubwa na ya taratibu, ingawa kilichosemwa ni kidogo. Ubongo ulio macho ni ule wa kwanza, ulio kwenye usingizi mzito ni wa pili.

Ndani ya gamba la ubongo, kemikali zinazotuweka macho, kama asetilikolini, noradrenalini na serotonini, hupungua. Bila hizo seli haziwezi kukaa tayari mfululizo. Potasiamu hutoka nje ya seli, umeme wa seli hushuka, seli hunyamaza kwa sehemu ya sekunde, kisha hupanda na kurusha ishara tena. Mzunguko mzima huchukua kama sekunde moja au zaidi. Mara nyingi wimbi huanzia upande wa paji la uso na kusafiri kuelekea kisogoni.

Mircea Steriade na wenzake waliueleza mzunguko huu mwaka 1993 huko Québec, Kanada, wakichunguza paka waliokuwa wamepewa dawa za usingizi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza usingizi mzito na nusu kaputi vimesomwa kwa pamoja, na pengine ndiyo sababu watu hudhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Tazama swali la 11.

3. Usingizi mzito huja saa ngapi, na hudumu kwa muda gani?

Huja mapema. Usiku una mizunguko minne hadi sita ya kama dakika 90 kila mmoja, na mawimbi ya taratibu hujaa kwenye miwili ya kwanza. Ukilala saa nne usiku, ikifika saa nane sehemu kubwa ya usingizi mzito imekwisha, na kuanzia hapo hadi alfajiri ni usingizi mwepesi na wa ndoto. Kwa mtu mzima anayelala saa saba au nane, jumla yake ni kama saa moja hadi moja na nusu.

Maabara za usingizi hukata usiku vipande vya sekunde 30. Kipande huitwa N3, yaani usingizi mzito, iwapo angalau asilimia 20 yake, yaani sekunde 6, ina mawimbi ya mara 0.5 hadi 2 kwa sekunde yenye kimo kinachozidi mikrovolti 75 eneo la mbele. Kanuni hiyo ni ya 2007. Kabla yake kulikuwa na hatua ya tatu na ya nne, na bado utazikuta kwenye vitabu vya zamani.

Watoto wana mawimbi makubwa na mengi. Kwa wazee kimo hupungua, na wengine hawafikishi mikrovolti 75 hata wakiwa wamelala fofofo. Hilo peke yake si ugonjwa.

4. Wimbi hili lina kazi gani mwilini?

Lililo wazi zaidi ni homoni ya ukuaji: mmwago wake mkubwa kwa siku hutokea katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kwenye kumbukumbu pia ushahidi ni mzuri. Mwaka 2006 Lisa Marshall, Jan Born na wenzao, huko Lübeck, Ujerumani, walipitisha umeme dhaifu wa mara 0.75 kwa sekunde kwenye paji la watu waliolala. Mawimbi ya taratibu yaliongezeka, na asubuhi watu hao walikumbuka zaidi jozi za maneno walizojifunza jioni.

Habari ya "ubongo kuoshwa taka usiku" imeenea sana mitandaoni. Inatokana na kazi ya 2013 iliyofanywa kwa panya, na watafiti wengine wameipinga kwa vipimo vyao. Ni wazo la kufuatilia, lakini halijafikia hatua ya kuuziwa kwenye chupa ya virutubisho.

5. Mtu huota akiwa kwenye usingizi mzito?

Huweza, lakini mara nyingi ni wazo fupi au picha moja tu, na anayeamshwa hapo huwa hakumbuki chochote. Ndoto ndefu zenye mkasa ni za usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope.

## Usingizi wa nyumbani na wa barabarani

6. Nimelala saa nane nzima, mbona naamka nimechoka?

Saa nane kitandani si saa nane za usingizi mzuri. Anza na kukoroma. Anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi kisha akashtuka, huvutwa kutoka usingizi mzito mara nyingi kwa usiku bila kujua. Mwenzi wa chumbani ndiye shahidi wa kweli.

Kisha angalia kahawa. Kafeini huziba mahali pa adenosini, kemikali inayojikusanya mchana kutwa na kuleta usingizi. Nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya kama saa tano, hivyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kinafanya kazi saa tano usiku. Wapo wanaosema "mimi kahawa hainisumbui, nalala tu". Wanalala kweli, lakini kimo cha mawimbi hupungua.

7. Saa yangu ya mkononi inasema nilipata dakika 40 za usingizi mzito. Niiamini?

Saa haigusi ubongo. Inakisia kutokana na mwendo wa mkono na mapigo ya moyo. Kwenye muda wa kulala na kuamka hukaribia ukweli, lakini kwenye hatua za usingizi hukosea mara kwa mara. Itazame kwa mwelekeo wa wiki kadhaa, usihangaike na usiku mmoja.

8. Mbege kidogo au kidonge cha usingizi si vinasaidia kulala fofofo?

Pombe ya aina yoyote, mbege ikiwemo, huongeza mawimbi ya taratibu nusu ya kwanza ya usiku, kisha ikishaisha mwilini usingizi hukatika-katika. Ndiyo ile ya kuamka saa tisa usiku na kiu, moyo ukienda mbio.

Diazepamu na ndugu zake ni kinyume chake: unalala haraka, hukatikiwi sana, lakini kimo cha mawimbi ya taratibu hushuka. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama. Na kama umezinywa kwa wiki kadhaa usiziache ghafla, maana unaweza kupata degedege. Mwambie daktari akupangie kupunguza.

9. Dereva anayekesha anaweza kulipa deni la usingizi?

Kwa kiasi. Baada ya kukesha, ubongo hutanguliza usingizi mzito, na usiku unaofuata mawimbi huwa makubwa kuliko kawaida. Saa zote zilizopotea hazirudishwi moja kwa moja, lakini sehemu nzito hulipwa kwanza.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni kwamba hata ukiwa macho, vipande vidogo vya ubongo uliochoka huweza kunyamaza kwa muda mfupi kana kwamba vimelala. Jambo hili limeonekana kwa panya waliokeshwa, mwaka 2011. Dereva kama huyo macho yanaona lori la mbele, mguu unachelewa. Ya pili ni mang'amung'amu ya kuamshwa katikati ya N3, ambayo huweza kudumu hadi nusu saa. Anayetoka Karatu kurudi Arusha akilemewa, asimame mahali salama na kulala dakika 15 hadi 20 tu, aamke kabla ya kuzama, kisha asubiri dakika kumi nje ya gari kabla ya kuwasha. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havizuii chochote.

10. Mtoto anainuka usiku akipiga mayowe, hatutambui, asubuhi hakumbuki. Ni mapepo?

Ni sehemu ya ubongo kuamka huku nyingine ikiwa bado kwenye mawimbi ya taratibu. Kutembea usingizini nako kuna chanzo hichohicho. Hutokea saa moja hadi tatu baada ya kulala, kwa sababu iliyo kwenye swali la 3, na huchochewa na homa, uchovu, kibofu kilichojaa au kelele. Jinamizi ni tofauti: huja karibu na alfajiri, mtoto huamka kabisa na kulisimulia.

Usimtikise wala kumwagia maji. Mwelekeze taratibu kitandani. Funga mlango wa nje, ondoa jiko la mkaa na visu njiani, mtandike chini kama analala juu ya kitanda cha ghorofa. Kama mayowe huja saa ileile kila usiku, mwamshe kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kwa wiki mbili hadi nne.

Mpeleke hospitali iwapo matukio ni mengi kwa usiku mmoja, yanafanana kabisa kila mara, mwili unakakamaa au kurusha upande mmoja, au anajing'ata ulimi. Hapo kifafa cha usiku kinawezekana. Mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika huwa na thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

## Nusu kaputi

11. Kwa hiyo nusu kaputi ni usingizi mzito tu?

Hapana. Vinafanana kwenye karatasi ya EEG, lakini aliyelala huamka ukimwita kwa nguvu au ukimfinya. Aliye kwenye nusu kaputi anakatwa kwa kisu na haamki. Hiyo ndiyo tofauti inayobeba nyingine zote.

Katika usingizi, ubongo wenyewe hupanga mawimbi. Huyapandisha, huyashusha, huingia REM na kurudi, na hulinda pumzi. Katika nusu kaputi dawa hushikilia hali moja kwa muda wote inapotolewa, bila mizunguko ya dakika 90. Pumzi hudhoofika, njia ya hewa hulegea, presha hushuka, na kwa dozi kubwa EEG hufika mahali ambapo usingizi wa kawaida haufiki kamwe: ukimya wa sekunde kadhaa unaokatizwa na mlipuko mfupi wa mawimbi, kisha ukimya tena. Ukiona mlipuko na ukimya kwa mgonjwa ambaye hakukusudiwa kufika huko, dawa imezidi, au mwili umepoa mno, au ubongo haupati damu ya kutosha.

Kwa hiyo anayesoma wimbi bila kumwangalia mgonjwa anakisia tu. Delta hiyohiyo unaweza kuikuta kwa mtoto aliyelala, kwa mgonjwa wa upasuaji na kwa aliye kwenye koma.

12. Dawa zote za usingizi hutoa mawimbi yaleyale?

Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza.

Propofol, ile nyeupe kama maziwa inayochoma kidogo ikiingia mshipani, huimarisha GABA, breki kuu ya ubongo. Mgonjwa akizama, unaona mawimbi makubwa ya chini ya mara moja kwa sekunde, na juu yake alfa ya mara 8 hadi 12 iliyohamia mbele kwenye paji. Akizinduka, alfa hurudi kisogoni. Sevoflurani na isoflurani, dawa za mvuke anazovuta mgonjwa, hufanana na hiyo, ila theta hujaza pengo katikati.

Ketamini ni habari nyingine. Huziba vipokezi vya NMDA, na badala ya kutuliza EEG huleta milipuko ya mawimbi ya kasi yakipishana na delta. Macho huweza kubaki wazi yakichezacheza, mate huongezeka, presha hupanda, pumzi kwa kawaida huendelea. Akizinduka, mgonjwa husimulia njozi za kuelea au kutoka nje ya mwili. Mwanafunzi anayesubiri kuona mawimbi ya taratibu tulivu kabla ya kukubali kuwa ketamini imeshika atasubiri bure. Anayetegemea mashine ya namba naye itamdanganya. Tazama swali la 13.

Deksmedetomidini ndiyo iliyo karibu zaidi na usingizi wa kweli. Hupunguza noradrenalini, huleta delta na yale mafungu mafupi ya mara 11 hadi 16 kwa sekunde yanayoitwa spindo, na mgonjwa huamshika ukimgusa. Kwa sababu hiyohiyo haitoshi peke yake kwa upasuaji mkubwa.

13. Ninaweza kuzinduka katikati ya upasuaji?

Ni nadra, lakini si hadithi. Wagonjwa wakihojiwa kwa utaratibu maalumu baada ya upasuaji, kumbukumbu za aina hiyo hupatikana kwa kama mmoja au wawili kati ya 1,000. Wakihesabiwa waliojitokeza wenyewe, utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa 2014 ulipata kama mmoja kati ya 19,000. Hatari huongezeka kwenye upasuaji wa dharura wa uzazi, kwa majeruhi waliopoteza damu nyingi, na pale dawa ya kulegeza misuli inapotumika, kwa sababu mgonjwa hawezi kujitikisa kutoa ishara.

Zipo mashine zinazogeuza EEG ya paji kuwa namba, kama BIS: 100 ni macho, 0 ni ukimya, na lengo ni 40 hadi 60. Zinasaidia, lakini ketamini huipandisha namba bila mgonjwa kuzinduka, na misuli ya paji ikikakamaa namba hupanda vilevile. Mahali pasipo na mashine hiyo, mtaalamu hufuata presha, mapigo, jasho, machozi, mboni na kiwango cha mvuke kinachotoka. Ukiwahi kuzinduka siku za nyuma, sema mapema kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

14. Na sindano ya mgongo?

Haigusi mawimbi ya ubongo moja kwa moja. Mwili hufa ganzi kuanzia tumboni kwenda chini na unaweza kuongea. Ukisinzia ni kwa uchovu au kwa dawa ya kutuliza uliyoongezewa.

15. Kwa nini naulizwa habari za chai ya maziwa, mtori na mirungi?

Dawa ikikulaza, koo halijilindi tena, na chakula kikipanda kinaingia mapafuni. Kwa upasuaji wa kupangwa, chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe vinakoma saa 6 kabla, mtori wa nyama au chakula cha mafuta saa 8, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2. Chai ya maziwa ni maziwa. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi kiasi gani.

Pombe tuambie ukweli. Aliyekunywa leo huhitaji dawa kidogo, anayekunywa kila siku kwa miaka huhitaji nyingi. Mirungi huchochea moyo na presha, hivyo kipimo cha mawimbi na dalili za mwili huchanganyika. Swali hili ni la dozi, halina uhusiano na polisi.

16. Baada ya saa tatu za nusu kaputi, deni langu la usingizi limelipwa?

Usitegemee. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji mkubwa, usingizi mzito na wa REM hupungua kwa sababu ya maumivu, homoni za msongo, dawa za jamii ya mofini na kelele za wodi. REM hurudi kwa fujo siku chache baadaye, ikija na ndoto kali. Kusinzia siku ya kwanza nyumbani ni mabaki ya dawa, kwa hiyo usiendeshe gari wala kusaini mkataba kwa saa 24.

Kutumia dawa hizi kama usingizi wa nyumbani ni hatari ya wazi. Michael Jackson alifariki tarehe 25 Juni 2009 baada ya kupewa propofol nyumbani kwake ili alale, na daktari wake akatiwa hatiani mwaka 2011.

17. Babu alifanyiwa upasuaji wa nyonga akawa anaongea yasiyoeleweka. Dawa imemharibu ubongo?

Mara nyingi ni mchanganyiko wa akili wa muda, ambao hupanda usiku na kushuka mchana. Ubongo wa mzee huhitaji dawa pungufu: kwa mivuke, mahitaji hushuka kwa takriban asilimia 6 kila miaka kumi baada ya 40. Akipewa dozi ya kijana, hufika kwenye mlipuko na ukimya haraka. Hali hiyo imehusishwa na kuchanganyikiwa baadaye, ingawa tafiti hazijakubaliana kama kufuata EEG kunazuia kuchanganyikiwa huko.

Yanayosaidia ni ya kawaida mno kiasi kwamba husahaulika: mrudishieni miwani na kifaa cha kusikia, akae karibu na dirisha, apate maji, atulizwe maumivu, na awepo mtu wa nyumbani anayemwita kwa jina alilozoea. Asipewe diazepamu ili atulie, huzidisha. Akiwa na homa, upande mmoja dhaifu au haamshiki, mwiteni daktari mara moja.

## Kipimo cha EEG

18. Nijiandae vipi, hasa nikiwa nimesuka?

Fumua. Mpangilio wa kawaida una elektrodi 21, na nafasi zake hupimwa kwa futi kutoka mzizi wa pua hadi kisogoni na sikio hadi sikio, kila hatua ikiwa asilimia 10 au 20 ya umbali. Rasta za kubandika, wivingi na wigi huziba nafasi hizo. Ukishindwa kufumua zote, uliza maabara mapema.

Osha nywele jana yake kwa sabuni, usipake mafuta wala dawa ya kulainisha. Mafuta huzuia umeme, na fundi atalazimika kukusugua ngozi hadi ukinzani ushuke chini ya kiloomu 5. Kunywa dawa zako za kifafa kama kawaida isipokuwa umeambiwa vingine, na kula. Kipimo hakiumi wala hakipitishi umeme kwenda kwako.

19. Kwa nini naambiwa nikeshe kabla ya kipimo?

Ishara za kifafa hujitokeza zaidi ubongo ukiingia usingizini, na aliyekesha hulala haraka maabara. Fuata saa ulizoandikiwa; mtoto hukeshwa kidogo kuliko mtu mzima. Usinywe kahawa, chai wala soda ya kola. Ukitoka Rombo au Same alfajiri, njoo na mtu na usipande bodaboda: umekesha, na kukesha huweza kuleta degedege.

20. Ripoti yangu imeandika "delta". Ni mbaya?

Inategemea ulikuwa katika hali gani. Delta kwa aliyelala ni kawaida. Delta ya mahali pamoja kwa mtu mzima aliye macho huashiria tatizo la sehemu hiyo, kama uvimbe, kiharusi au jeraha, na huhitaji picha ya ubongo. Delta iliyoenea kichwa kizima kwa mgonjwa asiyeamka, mathalani mtoto mwenye malaria ya ubongo, ni ubongo ulioathirika. Huyo hajalala: mawimbi yake mara nyingi hayabadiliki ukimwita au kumfinya.

21. Kwa wanafunzi: ni vitu gani huiga wimbi la taratibu?

Jasho ndilo la kwanza. Moshi ikipamba moto mwezi wa pili, chumvi ya jasho hufanya mstari upande na kushuka polepole, chini ya mara 0.5 kwa sekunde, kwenye njia nyingi kwa pamoja. Poza chumba na kausha ngozi kabla hujaandika "delta". Macho yanayobingirika polepole huonekana kwenye njia za mbele. Weka elektrodi kando ya kila jicho, na mistari ikienda pande zinazopingana ujue ni macho. Elektrodi iliyokaa juu ya mshipa wa damu hutoa wimbi linalolingana na mapigo, hivyo linganisha na ECG.

Kosa jingine hufanya kinyume, linafuta wimbi la kweli. Kichujio cha chini kikiwekwa mara 1 kwa sekunde, wimbi lenyewe unalolitafuta limekatwa. Kwa usingizi weka 0.3. Kichujio cha 50 huondoa mvumo wa umeme wa ukutani, lakini usikitumie kuficha elektrodi iliyolegea. Kurasa za usingizi ni za sekunde 30, za kifafa sekunde 10. Wimbi lilelile litaonekana limebanana kwenye ya kwanza na limetanuka kwenye ya pili, na waliozoea moja hukosea wakihamia nyingine.

## Mwinuko na mengine ya pembeni

22. Kwa nini wageni hawalali vizuri Kilimanjaro?

Kibo Hut, mita 4,720, oksijeni inayopatikana ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Mgeni huhema haraka, kaboni dioksaidi hushuka, pumzi husimama kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwa kishindo. Kila kishindo humtoa kwenye usingizi mzito. Asetazolamidi miligramu 125 asubuhi na jioni hupunguza hali hiyo, akubali tu kukojoa mara nyingi na vidole kuwasha. Mwenye mzio wa dawa za salfa aulize daktari kabla ya safari. Pombe na diazepamu waache Moshi mjini.

23. Mgeni amelala mno hemani, tumwache apumzike hadi saa sita tuanze kupanda kilele?

Mwamsheni sasa. Mchovu wa kawaida ataamka, atataja jina lake na mahali alipo, na atatembea mstari mmoja kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Anayeshindwa, anayepepesuka au kuongea ovyo ana uvimbe wa ubongo wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Oksijeni, deksamethasoni miligramu 8 kisha 4 kila saa 6, na kushuka usiku huohuo. Msisubiri mapambazuko.

24. Mwinuko wa Arusha hubadilisha dozi ya mvuke wa usingizi?

Kwa vaporaiza za kawaida, yaani vyombo vinavyogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, kidogo sana. Kwenye mita 1,400 hivi shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 86, dhidi ya 101 za usawa wa bahari. Ukiweka asilimia 2, kipimo cha gesi kitasoma kama 2.3, lakini ubongo hufuata shinikizo la mvuke wenyewe, ambalo limebaki karibu kilopaskali 2. Usipunguze kwa sababu ya ile asilimia.

Gesi ya nitrasi oksaidi ndiyo hudhoofika kweli, kwa sababu hutolewa kwa asilimia: 50 kwa 100 huku ni kama kilopaskali 43, Dar es Salaam ni 50. Vaporaiza za desflurani zenye kupashwa moto nazo hutoa asilimia isiyobadilika, kwa hiyo hizo huongezwa kidogo. Moshi iko chini zaidi na tofauti ni ndogo.